Aliyeihesabu Manzese Ana Deni

Mtu akija mlangoni kwako, akakuuliza mnalala wangapi chumba kimoja, choo mnachangia kaya ngapi, ndoo ya maji mnanunua shilingi ngapi, kisha akabonyeza simu yake, akasema asante na akaondoka, je, kuna kitu anadaiwa? Au kwa kuwa hakubeba kiti wala sufuria, basi hamdaiani?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafune leo. Najua wengi wenu mmezoea tuzungumze riwaya na mashairi. Vumilieni, riwaya itafika. Ila kwanza twende Manzese.

Manzese kila mtu anaijua kwa namna yake. Kwa abiria wa mwendokasi ni vituo tu kwenye Barabara ya Morogoro. Kwa mpenzi wa bongofleva ni nyumbani kwa Tip Top Connection. Kwa mnunuzi ni mitumba. Kwa karatasi za mipango miji, ambazo siku hizi ziko Ubungo na si Kinondoni tena, ni "makazi yasiyopangwa". Neno hilo huwa linanichekesha kidogo. Ukuta haujijengi. Kila tofali la Manzese lilipangwa na mtu aliyehesabu pesa yake, akajibana, akajenga chumba kimoja, akasubiri, akaongeza cha pili. Kupangwa kulikuwepo. Kilichokosekana ni kupangwa na ofisi.

Sasa chukua nyumba moja ya kawaida ya Uswahilini. Korido katikati, vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, uani kuna choo na bafu la kuchangia. Mwenye nyumba huenda anakaa chumba cha mbele, huenda kahamia Mbezi, huenda kafariki na nyumba ni ya mirathi, ndugu wanne hawaelewani. Kila chumba ni kaya. Ukirusha droni juu yake, utaona bati moja lenye kutu. Ramani itaandika: jengo, moja. Chini ya hilo bati kuna familia sita, foleni ya choo ya saa kumi na moja alfajiri, na ugomvi wa LUKU kwa sababu wa chumba cha nne ana friji na wa chumba cha pili ana taa tu.

Nani anayajua haya? Wengi tu. Mjumbe anajua nani kahamia na nani kafukuzwa. Muuza maji anajua bomba gani linatoa siku gani. Vyura, wale vijana wanaoingia shimoni kuzibua na kutapisha vyoo, wanajua choo kipi kimejengwa kwa matofali na kipi kwa mapipa na matairi. Mama lishe anajua nani hajala. Na masika ikifika, mvua ikipiga usiku, kila mtu anajua nyumba ipi itafungua choo kielekee mtaroni ili maji yakibebe, kwa sababu asubuhi harufu inasema yenyewe.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mitaa kama hii haina taarifa. Taarifa zimejaa, zinapita kibarazani kila jioni. Kinachokosekana ni mhuri. Mwenyekiti wa mtaa akienda kwa mhandisi wa manispaa akasema "jamani, vyoo ni shida", hilo ni lalamiko, anaambiwa bajeti hairuhusu, anarudi. Tuseme safari nyingine anakwenda na karatasi: nyumba hizi, idadi yake hii, vyoo vyake viko hatua kadhaa kutoka kwenye mfereji, mfereji umeziba hapa na hapa, maji yalifika urefu huu kwenye kuta hizi. Mhandisi bado anaweza kukataa, lakini sasa anakataa kitu kilichoandikwa, na jina lake litabaki pembeni ya kukataa kwake. Namba inafanya hivyo. Inageuza kilio kuwa hoja.

Hapo ndipo watu wa miradi huishia. Wanasema: basi, tukusanye takwimu, mtaa utaboreka. Mimi nasema subiri. Kuna historia.

Bibi zetu wengi hawakupenda kutaja idadi ya wajukuu. Ukimuuliza alikuwa anajibu "wapo, Mungu kajalia", basi. Hata katika Biblia, Daudi aliwahesabu Waisraeli na tauni ikafuata. Ni rahisi kuita haya ushirikina. Lakini fikiria: mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba huku kwetu. Aliyekuja kuhesabu vibanda hakuja kuuliza vinavuja wapi. Alikuja kujua atadai kiasi gani, na asiyekuwa na pesa alipe kwa jasho. Mtu wa aina hiyo akirudi mara tatu, bibi anajifunza kutotaja idadi. Hofu hiyo naiita kumbukumbu.

Baada ya uhuru mambo hayakunyooka mara moja. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kwa kuamini kwamba dawa ya nyumba mbovu ni kuivunja na kujenga nyingine. Hesabu ikafanyika, nyumba za udongo zikaanguka, mpya zikasimama, na bado mji ulikua kwa kasi kuliko shirika lolote lingeweza kujenga. Mwaka 1972 serikali ikabadili mwelekeo: badala ya kubomoa makazi haya, yaboreshwe yakiwa na watu wake ndani. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa kwenye mpango huo: barabara, maji, mifereji. Wakati huo huo viwanja vipya vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa ajili ya watu wa kipato cha chini.

Leo nenda Mikocheni ukawatafute hao watu wa kipato cha chini. Halafu rudi Manzese ukaitafute ile mifereji ya miaka ya sabini. Viwanja vilipanda kwenda kwa wenye nacho, na mifereji ikashuka, kwa sababu hakukuwa na utaratibu ulioshika wa kuitunza wala wa kuilipia. Wenye ramani walikuwa ofisini, na mradi ulipoisha ramani zilibaki huko huko. Mkazi hakuwa na nakala ya kushika mkononi akasema: bwana, mliandika mfereji unapita hapa, uko wapi?

Mwaka 2004 zikaja leseni za makazi. Picha kutoka angani, nyumba zikapewa namba, mwenye nyumba akapewa karatasi ya muda inayosema huyu anatambulika hapa. Mwaka huo huo ukaanza MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, uliochota mawazo kwa Hernando de Soto wa Peru, anayesema nyumba ya maskini isiyo na hati ni mtaji uliolala. Sipingi kwamba hati ni kitu kizuri. Muulize mjane aliyewahi kuvutwa mahakamani na mashemeji atakwambia karatasi ina thamani gani. Ila angalia hesabu ile iliuliza nini: mwenye nyumba nani, eneo ukubwa gani, mpaka uko wapi. Hayo ni maswali ya benki na ya mtoza kodi. Choo hakikuwa swali kuu. Idadi ya wanaolala chumba kimoja haikuwa swali kuu. Kila hesabu huuliza kile anachokitaka aliyeituma.

Halafu kuna herufi X.

Desemba 2011 mafuriko makubwa yalipiga Dar es Salaam, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Wengine walibaki, wengine walirudi, kwa sababu mkate wao ulikuwa mjini. Desemba 2015 tingatinga zikaingia Mkwajuni na maeneo mengine ya bondeni. Nyumba ziliwekwa alama ya X nyekundu ukutani kwanza. Wanaotetea ubomoaji ule walisema watu wanaokolewa na kifo, na hawakuwa waongo: maji yale yanaua. Waliobomolewa walisema wametupwa barabarani na watoto siku za sikukuu, nao hawakuwa waongo.

Tafakari hiyo X kama taarifa. Ni fupi kuliko takwimu zote. Inasema: nyumba hii imejulikana. Na hapa ndipo pananiwia pagumu kimaadili. Mama akimwonyesha kijana mwenye simu alama ya tope ukutani, "maji yalifika hapa", kipimo hicho kinaweza kuwa ushahidi wa kuletewa mfereji. Kipimo hicho hicho, bila kubadilika hata sentimita, kinaweza kuwa ushahidi wa kuondolewa. Kijana hajasema uongo. Mama hajasema uongo. Namba ni sahihi pande zote mbili. Kinachobadilika ni mkono inapoangukia, na mama hakuulizwa iangukie mkono gani.

Ndiyo maana siridhiki na wanaosema taarifa ni kama kisu, inategemea unakatia nini. Kisu unakishika wewe. Taarifa za nyumba yako, zikishaondoka, huna mpini wala makali.

Sasa mtasema huyu kaja kuhubiri watu wagome kuhesabiwa. Hapana. Kutojulikana nako kunaua. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Kinondoni, wilaya ambayo wakati ule Manzese ilikuwa ndani yake. Ugonjwa kama ule unapoingia mahali ambapo hakuna anayejua kwa maandishi visima viko wapi na vyoo viko wapi, wahudumu wanapapasa. Gari la zimamoto lisilojua kichochoro kipi kinapitika halifiki. Anayejificha asihesabiwe kodi anajikuta kajificha pia asihesabiwe bomba. Mtaa usio kwenye ramani haulindwi na kutoonekana kwake, maana tingatinga halihitaji ramani nzuri. Linahitaji amri tu. Mfereji ndio unaohitaji ramani nzuri.

Na mifano ya upande wa heri tunayo hapa hapa. Hananasif, miaka ya 1990, wakazi walichangia, wakachimba, wakajenga mifereji na njia za mtaa wao kwa mikono yao, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo cha Ardhi na wafadhili. Nani anajua maji yanapita wapi kuliko aliyewahi kuyachota chumbani kwake kwa ndoo? Tandale, mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa wakichora ramani ya wazi, kila mtu anaweza kuifungua kwenye OpenStreetMap. Mwaka 2015 kazi hiyo ikakua kuwa Ramani Huria, ikaingia kata nyingi zinazokumbwa na mafuriko: mifereji, vichochoro, majengo, na mahali maji yalipofika kwa mujibu wa waliosimama ndani ya hayo maji.

Kuna pia Shirikisho la watu maskini wa mijini, ambalo tangu mwaka 2004 limekuwa likifanya kazi pamoja na Kituo cha Uwezeshaji Jamii, CCI. Hawa wana utaratibu ninaoupenda: wanajihesabu wenyewe. Anayeuliza maswali ni jirani wa anayeulizwa, na anayeweka akiba kwenye kikundi ni huyo huyo anayejaza fomu. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, wanachama walipata ardhi Chamazi, Temeke, wakaanza kujenga. Sisemi Chamazi ni pepo. Ni mbali, na nauli inauma. Lakini waliokwenda kule walikwenda wakiwa kundi linalojijua, lenye orodha yake, na si familia moja moja zilizobeba magodoro kichwani kila moja upande wake.

Tofauti iko wapi kati ya hesabu hizi na ile ya kibanda ya mwaka 1898? Si simu, si droni. Ni kwamba aliyehesabu na aliyehesabiwa wanakutana tena kesho kisimani. Ukimdanganya jirani, utamwona. Ukipoteza karatasi yake, atakuuliza. Deni lina mlango wa kugongwa.

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Chicago, mwaka 1895, watu wa nyumba ya huduma iliyoitwa Hull-House walichapisha ramani za mtaa wao wenyewe wa wahamiaji maskini, nyumba kwa nyumba: kabila gani, mshahara kiasi gani. Walikuwa wanaishi pale pale, na namba zao zikawa silaha ya kudai mabadiliko. Miaka kama 40 baadaye, shirika la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji, Chicago ikiwemo, na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyoonekana hatari kukopesha, hasa ya watu weusi. Mji mmoja, ramani mbili. Ya kwanza iliuliza watu wanaishije. Ya pili iliuliza pesa itakuwa salama wapi. Wajukuu wa ile ya pili bado wanalipa.

Nikirudi nyumbani, kuna mtu mmoja nimemwacha koridoni makusudi. Mpangaji.

Tukisema "wakazi waboreshe makazi yao", nani mkazi? Hesabu nyingi za nyumba humtafuta mwenye nyumba, kwa sababu yeye ana karatasi, ana sahihi, anaweza kuchangia. Lakini katika nyumba yetu ile ya vyumba sita, huenda watano ni wapangaji. Barabara ikiwekwa lami, mfereji ukajengwa, taa zikawaka, mtaa umeboreka kweli. Mwezi wa saba kodi inapanda, na mpangaji anatakiwa kuja na ya miezi sita kwa mkupuo. Hana. Anahamia mbele zaidi, kwenye mtaa mwingine usio na mfereji. Takwimu za Manzese zitaonyesha hali imekuwa bora. Ni kweli imekuwa bora. Ila yeye aliyehesabiwa mwanzo, ambaye shida yake ndiyo iliyoombewa pesa, hayumo kwenye hesabu ya mwisho. Umaskini wake umetumika kama hoja, kisha kaachwa njiani.

Mwaka 2021 tuliona jambo hili kwa udogo wake. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye nyumba, sheria iko wazi. Lakini mfumo unajua mita, haujui mwenye nyumba. Anayeingiza namba za umeme ni mpangaji, kwa hiyo aliyekatwa ni mpangaji, akaambiwa akadaiane na mwenye nyumba wake. Jaribu wewe kumdai mwenye nyumba shilingi elfu moja wakati kodi yako mwenyewe umechelewesha wiki mbili! Hakuna aliyekusudia kumwonea. Mfumo ulihesabu kilichokuwa rahisi kuhesabika, na mzigo ukamwangukia aliyesimama karibu na hicho kilichohesabika.

Sasa riwaya, kama nilivyoahidi. Shaaban Robert aliandika *Kusadikika*, ikatoka mwaka 1951. Nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa, na katika kujitetea anaeleza jinsi wajumbe walivyotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya namna nchi nyingine zinavyoishi vizuri, na kila aliyerudi akaishia gerezani. Tumezoea kukisoma kama kitabu cha haki na sheria, au fumbo la ukoloni, na ni sawa. Lakini kisome leo ukiwa na Manzese kichwani. Wale wajumbe walileta nini? Walileta taarifa. Kusadikika haikuwa na upungufu wa taarifa hata kidogo! Ilikuwa na watu waliopoteza uhuru wao kwa kuzileta, na baraza ambalo halikujiona lina wajibu wowote baada ya kuzisikia. Baraza lilitaka kutuma bila kudaiwa.

Msidhani ni hadithi tu. Mwaka 2018 Sheria yetu ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa la jinai kuchapisha namba zinazopingana na takwimu rasmi, adhabu ikiwa faini ya si chini ya shilingi milioni 10 au kifungo. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kipengele hicho kikaondolewa, na ni vizuri kiliondolewa. Lakini mwaka ule mmoja unatufundisha kitu. Kama mtaa ukijihesabu na kupata vyoo vichache kuliko ilivyoandikwa ofisini, je, umekosea au umesahihisha? Haki ya kuhesabiwa bila haki ya kubisha hesabu ni sawa na kupigwa picha umefumba macho kisha ukakatazwa kusema hukuwa umelala.

Kuna neno letu jingine ambalo wataalamu wa takwimu wangefanya vizuri kulijifunza: sitara. Kusitiriana ni nusu ya maisha ya Uswahilini. Kuta ni nyembamba, unasikia kila kitu cha chumba cha pili, na asubuhi unamsalimia jirani kama hukusikia. Sasa ramani inakuja na kuweka nukta kwenye nyumba inayotapisha choo mtaroni. Je, ni haki? Kwa upande mmoja, uchafu ule unaua watoto wa wengine, na hakuna sitara ya kuua. Kwa upande mwingine, ile nyumba inatapisha kwa sababu gari la kunyonya haliingii kichochoroni na vyura wanataka hela ambayo haipo. Ukiianika peke yake umeiadhibu kwa shida ya mtaa mzima. Mimi naona jibu liko kwenye swali la nani anahitaji kujua nini. Mhandisi anahitaji kujua mtaa una vyoo vingapi vya namna hiyo na viko upande gani wa mfereji. Mtandao mzima hauna haja ya kujua ni choo cha nani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini kabla ya sheria tulikuwa na sitara, na sitara inaeleweka koridoni bila wakili.

Nilishasikia hoja mbili za kupinga haya, na zote zina uzito. Ya kwanza: ukiweka masharti mengi, hakuna atakayekusanya chochote, na mtaa utabaki gizani. Kweli, masharti yanachelewesha. Lakini mtaa uliohesabiwa mara tano bila kuona kitu, mara ya sita unadanganya. Mwenye watoto wanne anasema wawili akidhani ni kodi, mwenye wawili anasema sita akidhani ni chandarua. Kwa hiyo asiyelipa deni la hesabu anaharibu hata hiyo hesabu yenyewe. Ya pili: mwanafunzi mwenye simu hana uwezo wa kuleta mfereji, utamdaije? Humdai mfereji. Unamdai ukweli. Aseme mlangoni, kabla hajauliza swali la kwanza: mama, mimi ni mwanafunzi, sileti mradi, nitachora ramani, nakala itabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa tarehe fulani, na usipotaka kujibu hakuna ubaya. Sentensi tatu tu. Akizisema na kuzitimiza, kalipa. Asipozisema, kachukua matumaini ya mtu kwa mkopo bila kumwambia.

Msimamo wangu basi ni huu. Kujua hali ya mtu si jambo la bure. Ukishajua kwamba kaya sita zinachangia choo kimoja kinachofurika, hauko tena pale ulipokuwa kabla hujajua, na anayejua kwa makusudi, aliyekwenda kuuliza, anadaiwa zaidi ya aliyesikia kwa bahati. Deni lenyewe halihitaji falsafa nzito. Hesabu irudi kwa waliohesabiwa, kwa Kiswahili, mahali mama muuza mboga anaweza kuisoma au kusomewa. Iweze kusahihishwa na wenye mtaa. Mpangaji aandikwe kama mtu, si kama sehemu ya nyumba. Kinachomwaibisha mtu kisitiriwe. Na yule anayepelekewa hesabu, awe diwani, mhandisi au mfadhili, ajibu kwa maandishi: nimepokea, nitafanya hili, sitafanya lile, sababu hii.

Na wenye mtaa nao wana lao. Mkijihesabu wenyewe halafu wenye nyumba peke yao wakakaa kikao cha kuamua, mmefanya kile kile mnachomlaumu mkubwa. Chumba cha nyuma nacho kina mdomo.

Tarehe 23 Agosti 2022 nchi nzima tulihesabiwa, watu 61,741,120, na safari hiyo hata majengo yalihesabiwa. Kabla ya hapo milango ilikuwa imepewa namba za anwani za makazi. Kwa hiyo ile nyumba ya bati moja la kutu imeshaandikwa. Ina namba mlangoni, ina mstari kwenye daftari la taifa, ina umbo kwenye ramani ya wazi. Haiwezekani tena kusema hatukujua.

Sasa masika ikija, maji yakipanda koridoni hadi kwenye ile alama ya zamani ukutani, swali halitakuwa tena wanaishi wangapi humo. Litakuwa: nyie mliotuandika, mko wapi?